Kukataa kwa Maandishi

Baba yangu alikufa redioni, wiki ile ile tuliyomzika dada yangu, na aliyelisahihisha tangazo ni mimi.

Kwetu Kakamega mtu hajafa sawasawa mpaka redio ya lugha ya nyumbani imtaje. Tangazo lina mpangilio wake: marehemu ni nani, ni binti wa nani, dada wa nani, alifanya kazi wapi, mwili unatoka mochari lini. Kamati ya mazishi ilikaa chini ya hema uani kwa mama, huko Shirere, ikaliandika. Kwa kuwa mimi ndiye niliyefika chuo kikuu, na ndiye ninayeandika makala magazetini, walinipa karatasi niipitie. Nikarekebisha ngeli mahali fulani. Nikahamisha koma. Mbele ya jina la baba, mtu mmoja wa kamati ambaye hakutujua vizuri alikuwa ameandika "hayati". Nadhani aliandika kwa heshima tu, maana hakuona mzee yeyote kwenye kiti cha baba wa marehemu. Neno hilo nililiona. Niliona hata kwamba limeandikwa bila kosa. Nikaliacha lilivyo, kwa sababu familia ambayo baba amekufa haihitaji kumweleza mtu jambo lolote.

Baba hakuwa amekufa. Alikuwa Malinya, mahali ambapo pikipiki inakufikisha kabla makalio hayajaanza kulalamika, akiishi na mke wake mwingine na fahali wa mchezo, wale wa kupiganishwa uwanjani. Alituacha nikiwa mtoto wa shule ya msingi, mama akiwa na mimba ya dada yangu. Alisema mimba ile si yake. Kwa Kiswahili cha nyumbani kwetu jambo hilo lilikuwa na kitenzi kimoja tu: alikataa. Mama hakulitaja jina lake tena. Alimwita "yule wa kukataa," na sisi tulikua tukikaribia kudhani kwamba ndilo jina lake la ubatizo. Nikichelewa kurudi nyumbani niliambiwa nimeanza miguu ya yule wa kukataa. Dada yangu akibishana kuhusu vyombo, aliambiwa hiyo ni damu ya yule wa kukataa, na hapo mama alinyamaza ghafla, kwa sababu alikuwa amesema zaidi ya alivyokusudia.

Dada yangu akasoma, akawa mwalimu, akanunua ploti Shirere. Mbele akajenga nyumba ya mama. Nyuma akapanga vyumba vya wanafunzi wa chuo, wale wanaopika chapati saa za ajabu na kuning'iniza jinzi kwenye waya wa stima. Mama akaiacha nyumba yake ya udongo ikaanguka yenyewe, akahamia. Kodi ya vyumba ndiyo iliyonunua dawa zake za presha. Kisha dada akaugua ugonjwa uliokwenda haraka kuliko sisi kuuamini. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto, na hakuacha wosia, kwani ni nani anayeandika wosia akiwa bado anachagua rangi ya milango? Hati ya ploti ilikuwa na jina lake peke yake.

Mazishi yalipopita na nywele zikanyolewa kama desturi inavyotaka, nilikwenda kwa naibu wa chifu kuomba barua ya kuanzisha mambo ya mirathi. Barua hiyo hutaja jamaa aliowaacha marehemu. Ofisi ilikuwa imejaa watu kwenye benchi, kila mmoja na shida yake mkononi ndani ya bahasha ya khaki.

"Tuanze na baba," naibu wa chifu akasema.

"Baba ni hayati," nikasema.

Akainua macho. "Hayati yupi?"

Nikalitaja jina.

"Huyo? Huyo nilimwona Jumamosi uwanjani Malinya. Fahali wake alikimbiza mwenzake mpaka kwenye mahindi ya watu. Na hayati alikuwa mbele anaimba."

Benchi lote likacheka. Mama mmoja aliyekuwa ameshika jogoo akauliza ni redio gani hiyo inayoua watu kimakosa, maana yeye ana mume angependa apelekwe huko.

"Hata mimi nilisikia hilo tangazo, Profesa," naibu wa chifu akaendelea. Profesa ni jina ambalo watu hunipa wanapotaka kunikumbusha kwamba mimi si profesa. "Nilipomwona Jumamosi nikadhani ni mzimu. Sasa sikiza. Mimi naandikanga wale wako hai. Kama mmekosana, hiyo ni maneno yenu ya nyumbani."

Akaandika jina la baba, likawa la kwanza. Jina la mama likafuata. Langu likaja chini kabisa, kama jina la mtu aliyeleta karatasi.

Wakili niliyemwendea alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa umri, mwenye ofisi juu ya duka la magodoro, karibu na mahakama. Alinieleza polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa jina la ugonjwa. Mtu akifa bila mume, bila mtoto, bila wosia, sheria humtazama baba kwanza. Baba asipokuwapo, mama. Wasipokuwapo wote wawili, ndipo ndugu.

"Hata kama alimkataa?" nikauliza.

"Alimkataa wapi? Mahakamani?"

"Tumboni."

Aliweka kalamu chini. "Mnaweza kusema si baba yake. Lakini hapo mama atapanda kizimbani aulizwe maswali kuhusu mimba hiyo, mbele ya watu. Unataka kusikia hayo maswali?"

Sikutaka.

"Basi njia rahisi ni mzee aseme mwenyewe hataki. Atie sahihi, jina linalofuata ni la mama, tunaendelea. Akikaa kimya, tutampelekea wito wa mahakama achague. Lakini anza kwa uzuri. Anasoma Kiingereza?"

"Kiswahili."

"Mtafsirie basi fomu hii, aelewe anachotia sahihi. Si wewe ni mtu wa lugha?"

Nilishuka ngazi zile nikiwa nimevimba kichwa kidogo. Ni mara chache mtu huambiwa kwamba kazi yake ina faida.

Mama nilimkuta akichambua mrenda sebuleni. Nikamweleza. Alisikiliza bila kuacha kuchambua, majani upande mmoja, vijiti upande mwingine.

"Kwa hivyo nyumba hii ni yake."

"Si yake, mama. Ni kwamba yuko mbele."

"Mbele ya nani?"

"Mbele yako."

"Alimkataa tumboni," akasema. "Akamkataa shuleni, wakati mwalimu mkuu alimwandikia barua ya karo. Sasa mtoto amekufa ndio amefika mbele." Akasukuma sinia kando. "Usiende kumbembeleza. Nisikie tu umembembeleza."

Jioni ile ile alilivuta sanduku lake la bati kutoka chini ya kitanda, akaliweka karibu na mlango, akaanza kukunja nguo. Hakulia. Alisema tu kwamba nyumba ya kaka yake ina chumba kimoja kisichovuja. Sanduku lile lilikaa mlangoni siku zote hizo, na kila aliyeingia alilazimika kulizunguka.

Nilikaa kwenye meza ya dada yangu, pale alipokuwa akisahihishia madaftari, nikaanza kutafsiri. Neno la Kiingereza lililokuwa kwenye fomu ni neno baridi la kisheria, lisilo na ugomvi na mtu. Kwa Kiswahili nilikuwa na mengi ya kuchagua. Ningeweza kuandika kwamba anajitoa, au kwamba hadai chochote. Ningeweza kuandika kwamba anaachia, na hapo mtu wa lugha angepaswa kusimama na kulishukuru tumbo la kitenzi, maana kuacha ni kumtupa mtu, na kuachia ni kumpa, na kinachotenganisha mambo hayo mawili ni irabu moja tu. Niliyafikiria yote hayo. Nataka ijulikane kwamba niliyafikiria. Kisha nikaandika: "Mimi, baba wa marehemu," nikaweka jina la dada yangu, nikaweka "ninakataa," na baada ya hapo ndipo nikaweka haki na mali na usimamizi, vikifuatana nyuma kama mikia.

Nilijiambia ni Kiswahili sanifu. Kwa kweli nilikuwa nimefurahi. Nilikuwa nimepata njia ya kumfanya aliandike jina lake la ubatizo kwa mkono wake mwenyewe, na serikali ishuhudie.

Nilimkuta Malinya akimsugua fahali ubavuni kwa gunzi la mahindi. Nilikuwa nimemweka akilini kama mtu mrefu. Alikuwa mfupi, mwenye masikio makubwa, na fahali alikuwa amemwegemea kwa upendo kiasi kwamba sikujua ni nani anamshikilia mwenzake. Wanaume wawili majirani walikuwa wameketi kwenye gogo wakitoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Baba aliniangalia mara moja tu. Hakuuliza mimi ni nani.

"Karibu," akasema. "Hayati ako hapa. Keti."

Majirani wakainamisha vichwa ili wacheke vizuri.

"Nilikuwa duka, nimeenda kununua chumvi," akaendelea, bado akisugua. "Redio ikanitangaza. Mwenye duka akanipa pole yangu mwenyewe."

"Ilikuwa makosa ya kamati, mzee," nikasema. Sikuwa na neno jingine la kumwita. Mzee ni neno unalompa hata askari wa getini.

"Kamati," akasema. "Nilikuwa nimetoa suti nje ipigwe na jua. Nilitaka kuja hiyo Ijumaa. Sasa ningekuja namna gani? Maiti inaendanga kuzika?"

"Labda kubeba jeneza la mwenzake," jirani mmoja akasema.

Nilicheka pamoja nao. Kilikuwa kicheko kirefu kuliko kilichohitajika, kwa sababu sikujua nitafanya nini kikiisha. Muda wote wa mazishi nilikuwa nimekitazama kile kiti kitupu kwa namna fulani ya ushindi. Nilikuwa nikiwaambia watu, kwa uso tu, mnaona?

Alilitupa gunzi, akanawa mikono kwenye karai, akaketi. "Umeleta nini?"

Nikatoa karatasi, nikamweleza habari za sheria na nyumba ya mama kwa sauti ile ninayoitumia kwenye mikutano ya vitabu. Aliitikia kwa kichwa. Hakuonekana kushangaa wala kutamani.

"Soma," akasema. "Macho yangu siku hizi yanachagua."

Nikasoma. Nilipofika mstari wa pili akainua mkono.

"Soma tena hapo."

Nikasoma tena hapo. Majirani walikuwa wameacha kutabasamu. Jina la dada yangu lilitoka kinywani mwangu na neno lile likalifuata mara moja, na nikasikia, kwa mara ya kwanza, jinsi sentensi ile ilivyokuwa chafu. Kwenye karatasi sikuwa nimeisikia.

"Nani ameandika hii?"

"Wakili," nikasema.

Lilitoka tu. Sikupata hata muda wa kulipima.

"Mimi nilikataa mara moja," baba akasema. Hakupaza sauti. Alikuwa akiiangalia ardhi kati ya viatu vyake. "Nilikuwa na maneno ya watu kwa masikio, na nilikuwa mjinga. Nilikataa na mdomo. Huo mdomo nimekaa nao. Alipopita mtihani, nikasikia kwa watu. Alipoandikwa kazi, kwa watu. Siku moja nikamwona soko, ananunua viazi. Ule uso ni wa mama yangu, umekaa tu hapo kwa viazi. Nikasimama. Nikashindwa na salamu. Nikaenda nyumbani." Akaigusa karatasi kwa kidole kilichokuwa bado na maji. "Sasa mtoto ako chini ya mchanga, unaniletea nikatae na kalamu."

"Si kumkataa yeye, mzee. Ni kukataa mali."

"Mali iko wapi hapa? Mimi nasikia jina la mtoto na kukataa. Mstari mmoja. Mali inakuja huko nyuma."

Ndivyo nilivyoipanga.

"Na mtu asipokataa," akauliza, "anafanya nini?"

"Anakubali," nikasema, kwa sababu hakuna jibu jingine katika lugha hii.

"Basi nimekubali. Andika hivyo."

Jirani mmoja akaguna kwa kukubaliana, kama vile wanavyoguna mzee akimaliza kusema penye msiba. Nilijaribu kumweleza kwamba kukubali kuna maana nyingine kisheria, kwamba akikubali nyumba anayoishi mama itakuwa mikononi mwake, kwamba pengine niirekebishe karatasi niirudishe kesho. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika kama mtu anayejaribu kumnyang'anya mzee mtoto wake kwa mara ya pili. Mwishowe nikaikunja karatasi, nikasimama niondoke.

Mke wake alitoka jikoni wakati huo huo na sinia la ugali na kuku. Alikuwa amemchinja mara tu nilipoketi pale nje. Nilimsikia kuku yule akilalamika na sikufikiri ni kwa ajili yangu. Nikasema nina haraka, nashukuru, siku nyingine.

"Haiya," akasema yule mama, akiwa amesimama na sinia. "Na wewe pia unakataa?"

Hapo hata baba alicheka. Nikaketi. Kwetu imondo, ile firigisi ya kuku, ni ya mwenye nyumba, na mtoto aliyeionja bila ruhusa hukumbushwa mpaka aoe. Baba aliitafuta kwenye bakuli, akaiweka kwenye ugali wangu bila maneno. Niliila. Ilikuwa ngumu, na niliitafuna kwa muda mrefu huku watu wote wakinitazama kwa ukarimu.

Mama sikumweleza kitu. Nilimwambia tu mzee anafikiria. Lakini haikupita wiki naibu wa chifu akanipigia simu.

"Profesa, hayati amekuja hapa na kitambulisho. Amevaa suti. Anasema amekubali mtoto na anataka kujua anaandikisha wapi."

Nikakimbilia kwa wakili. Aliomba aione karatasi niliyompelekea mzee. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akaketi akaisoma tena.

"Ungeandika tu kwamba anaachia," akasema.

"Najua."

"Unajua?"

Alinirudishia ile karatasi kwa ncha za vidole. Kisha akanieleza mahali tulipofika: mzee akishikilia hilo, mahakama haitakuwa na sababu ya kumruka. Ploti itakuwa yake. Mama ataishi Shirere kwa hisani ya mwanamume ambaye yeye mama hajalitaja jina lake tangu mimi nilipokuwa na meno ya utoto.

Siku hiyo nilimwambia mama. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio au kwa kibao. Aliketi juu ya sanduku pale mlangoni, maana ndilo lililokuwa karibu.

"Amekubali nini?" akauliza.

"Kusimamia mali."

"Hapana. Sema vile alisema."

"Alisema, 'Basi nimekubali. Andika hivyo.'"

"Nyumba ama mtoto?"

Nikafikiri. "Mtoto, nadhani. Nyumba inafuata tu kwa sababu ya sheria."

"Alisema mbele ya watu?"

"Majirani wawili. Mke wake alikuwa jikoni."

"Jikoni mtu anasikianga kila kitu," mama akasema, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikaona kitu usoni mwake kikilegea. Alikaa hapo muda mrefu akiulainisha mfuniko wa sanduku kwa kiganja, kana kwamba bati linaweza kukunjamana. Nje wanafunzi walikuwa wakigombania zamu ya bomba. "Basi mwambie aandike hiyo ya mtoto," akasema. "Aandike kabisa. Ya nyumba aandike kando, kama anataka. Hata asipotaka, hiyo ya kwanza niione."

"Mama, ya kwanza haitakuachia nyumba."

"Nimesikia."

Nimeishi kwa kuandika muda mrefu, na kazi hiyo imenifundisha kudhani kwamba najua watu wanataka nini kabla hawajasema. Nilikuwa nimeshughulika na ploti, na hati, na jinsi ya kumwadhibu mzee kwa sarufi. Haikunipitia akilini kwamba mama, ambaye alilitumia neno lile kila siku ya utoto wetu, alikuwa akilitumia kama mtu anayebonyeza jino bovu kuona kama bado linauma.

Nilimpigia baba. Nilimweleza maneno ya mama jinsi alivyoyasema, bila kuyapamba, jambo ambalo kwangu si rahisi. Nikasikia fahali akipumua simuni.

"Nitakuja," akasema.

Alikuja kwa wakili na suti ile ile, pana mabegani, ikinuka sabuni na kidogo ng'ombe. Alimsalimu wakili kwa mikono miwili, akaketi, akaweka kofia gotini.

"Mama wakili," akasema, "Kiswahili chako kile cha kwanza kilikuwa na pilipili."

Wakili aliniangalia. Mimi niliiangalia kalenda ukutani, iliyokuwa na picha ya maporomoko ya maji. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa nafasi pana, tulivu, hata mzee alikuwa ameinamisha kichwa kidogo kama anayemngoja mtu apite mlangoni. Niliyaangalia maporomoko.

"Tutarekebisha, mzee," wakili akasema hatimaye. "Ofisi hukosea."

"Ni kweli," baba akasema. "Hata redio inakosea." Akanigeukia. "Wewe ndio msomi. Shika kalamu."

Nikashika kalamu.

"Huyu mtoto," akasema, akalitaja jina lake, "ni wangu." Akangoja mkono wangu usimame. "Umeweka nukta?"

"Nimeweka."

"Nyumba yake na ploti yake naachia mama yake. Weka nukta."

Nikaweka. Alikuwa amelichukua neno lile mwenyewe, moja kwa moja, lile nililokaa nalo usiku ule kwenye meza ya dada yangu nikaliona halina ladha.

Wakili akasema, kwa upole, kwamba sentensi ya pili inatosha na atajua jinsi ya kuiweka kwenye fomu. Ya kwanza sheria haiihitaji.

"Haihitaji?"

"Tayari inakuhesabu kuwa baba, mzee. Ndiyo maana tuko hapa."

"Basi na ile ya pili sheria ikae bila," baba akasema, akaichukua kofia yake.

Zote mbili zikabaki. Alitia sahihi polepole, kila herufi ikisimama peke yake, ulimi ukiwa umetokeza pembeni ya mdomo, namna ile ile dada yangu alivyokuwa akifanya alipokuwa akisahihisha madaftari. Mimi pia, naambiwa.

Nilimsindikiza kwenye ngazi. Pale chini, mbele ya magodoro yaliyopangwa barabarani, akasimama akavaa kofia.

"Na redioni mtanifufua lini?"

"Tutapeleka tangazo, baba," nikasema. Neno hilo lilitoka vibaya, kama kitu kilichokaa sana kwenye friji.

"Sawa," akasema. "Lakini usiandike wewe."

Akaita pikipiki, akapanda bila kusaidiwa, akaenda zake Malinya.

Nyumbani Shirere mama alikuwa ameketi mezani, miwani tayari puani, ingawa alijua ni mimi nitakayesoma. Mlango ulikuwa wazi na hapakuwa na kitu cha kuzunguka. Nilipochungulia chumbani nikaona pembe ya sanduku chini ya kitanda.

"Soma," akasema.

Nikaitoa nakala, nikasoma sentensi zote mbili.

"Soma tena hapo," akasema.

"Hapo kwa nyumba?"

"Hapo kwa kwanza."

Nikasoma tena. Akanitaka nimwonyeshe kwa kidole mahali jina la dada lilipo na mahali sahihi ilipo, na akaupitisha ukucha wake kutoka kwenye jina mpaka kwenye sahihi. Kisha akavua miwani.

"Na ile karatasi ulimpelekea Malinya akaikataa," akasema, "ilikuwa inasema nini?"

Ilikuwa kwenye mfuko wa koti langu, imekunjwa mara nyingi. Ningeweza kuitoa.

"Wakili alikosea neno," nikasema.

Mama akalifikiria hilo, huku akifuta vioo vya miwani kwa upindo wa leso.

"Basi tutafute wakili mwingine," akasema. "Huyo ana roho mbaya."

"Ndiyo, mama," nikasema.